Mjadala: Waliokwenda Pwani Desemba 2020, walikosa au hawakukosa?

Mwanzisha mada, Nairobi

Naomba tulijadili hili bila matusi, maana kwetu limeshawaondoa watu mezani zaidi ya mara moja. Juzi kwenye arusi shangazi yangu alisema mbele ya wageni kwamba sisi tuliokwenda kuogelea Diani, ule ufuo wa kusini mwa Mombasa, wakati wa korona tuliwaweka wazee rehani kwa ajili ya mchanga. Mimi ni mmoja wao. Nilikwenda na rafiki yangu wa tangu shule, siku tano, wiki moja kabla ya Krismasi.

Kwa waliosahau: mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, siku mbili baadaye zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale. Njia zilifunguliwa Julai 7, na treni ya abiria ikarudi kwenye reli Julai 13. Sisi tulisafiri Desemba, kafyu ikiwa ya saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, na hakuna sheria tuliyoivunja. Lakini shangazi hakuwa akizungumzia sheria, nami sitajificha nyuma yake.

Msimamo wangu ni huu: kwenda halikuwa kosa. Virusi vile vilipenda chumba kilichofungwa kuliko ufuo wenye upepo, na mimi nilikuwa nimekaa miezi tisa kwenye nyumba ya chumba kimoja, kazi kitandani, chakula kitandani. Kosa letu lilianza asubuhi ya siku ya tatu.

Nilikuwa nimenunua kichupa cha mafuta ya karafuu kwa mama mmoja barabarani. Rafiki yangu alikuwa ameamka na koo linalomkereketa. Akakifungua kile kichupa, akanusa. Akakisogeza hadi kikagusa pua, akanusa tena. Kisha akakifunga na kunirudishia bila neno. Mafuta ya karafuu, jamani, harufu yake ilikuwa imejaa chumba kizima! Nikamtazama, akasingizia kiyoyozi: "Ni hii eisii tu imenikausha." Nami nikasema ndiyo, ni eisii.

Sote wawili tulijua. Tulikuwa na siku mbili zilizokwisha kulipiwa.

Kila asubuhi aliingia mama wa kutandika vitanda. Barakoa yake ilikuwa ya kitambaa, imelegea puani kwa kufuliwa. Alikung'uta mashuka yetu na madirisha yamefungwa, akapangusa kikombe alichonywea rafiki yangu. Alitusalimu, "Mmeamkaje wanangu?" Tukajibu, "Salama, mama." Siku ya tatu, ya nne, ya tano. Tukapanda matatu, tukavuka feri, tukapanda treni.

Rafiki yangu alipima Nairobi, akakutwa na korona. Nikapiga simu tulikolala. Aliyepokea alisema yule mama ni kibarua wa siku, zamu zake zimekwisha, na namba yake hawana. Mpaka leo sijui yalimfika yapi.

Rafiki yangu anasema najitesa bure, kwamba kila mtu alikuwa akiugua na yule mama angeweza kuipata popote. Naomba maoni yenu.

Mchangiaji, Likoni

Dada, umesema kweli na nakuheshimu kwa hilo. Lakini hapo uliposema kwenda halikuwa kosa, sikubaliani nawe hata kidogo.

Nyinyi wa bara mnahesabu korona kuanzia siku mliyochoka kukaa ndani. Sisi tunaihesabu kuanzia Machi 27, jioni ya kwanza ya kafyu, polisi walipowapiga watu waliokuwa wakingoja feri ya Likoni ili warudi makwao. Walilazwa chini, wakarushiwa vitoa machozi, na wakati ule kivuko kilikuwa kimoja, hakukuwa na njia nyingine. Mimi nilikuwa kwenye foleni ile. Kosa letu lilikuwa kutoka kazini saa kumi na moja. Mei wakaufunga Mji wa Kale, jirani zangu wa ng'ambo wakawa hawatoki wala hawaingiliwi, na Ramadhani ndiyo hiyo.

Halafu Desemba ikaja, magari ya bara yakapanga mstari hadi mjini. Feri ikajaa, bega kwa bega, barakoa kidevuni. Upepo wa Diani ulikuwa safi, sikatai, lakini hakuna aliyefika Diani kwa upepo. Ulipita kwetu! Lile daraja la kuelea la Liwatoni, lililojengwa ili kupunguza msongamano wa feri, lilifunguliwa Januari mosi 2021. Mlikuwa mmeshapita.

Kwa hiyo kwangu safari na kunyamaza si mambo mawili. Aliyepanga safari aliipanga pamoja na watu wa njiani, atake asitake.

Mchangiaji, Ukunda

Kaka wa Likoni, ya feri nayajua, nami nilikuwa nikivuka. Lakini usiseme kwa niaba yetu sote.

Mimi nasuka nywele ufuoni, hapo Diani. Tangu Machi hadi Julai sikusuka kichwa cha mgeni hata kimoja. Mume wangu alikuwa jikoni kwenye hoteli, wakawaambia nendeni likizo bila mshahara, tutawaita. Tulikula mihogo na mchicha wa nyuma ya nyumba, na mpunga wa mama mkwe ulipokwisha tukauza cherehani. Mnaposema watu wangebaki kwao, mimi nauliza: hiyo cherehani ningeirudisha na nini? Desemba ile nilisuka vichwa kumi na kimoja. Shule zilikuwa zinafunguliwa Januari 4. Binti yangu wa darasa la saba alirudi na sare kamili, na sare ile ililetwa na wageni kama hawa wawili.

Nilisuka nje, chini ya mkanju, kaskazi ikivuma hadi nyuzi zinapeperuka. Barakoa nilivaa mimi na aliyesukwa. Sikuogopa. Walioogopesha ni wenzetu wa vyumbani, maana wao kazi yao ni kuingia mahali mtu alipolala.

Sasa nije kwako dada. Wageni tuliwataka, tuliwaombea waje. Tulichotaka ni kuambiwa. Mimi mama yangu mzazi ana pumu na tunalala chumba kimoja. Ningeambiwa siku ile ya tatu, "Mama, mwenzangu hasikii harufu," ningevaa barakoa ya pili, ningefungua madirisha, usiku ningelala kwa dada yangu. Ningekasirika, ndiyo. Pengine ningekuombea mabaya njiani. Lakini ningekuwa na la kufanya.

Rafiki yako anasema angeipata popote. Mwambie popote si jibu. Mlikuwa chumba namba fulani, na mlikuwa na mdomo.

Mchangiaji, Nakuru

Langu fupi. Machi 26, 2021, Rais alipotangaza kuzifunga Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, mimi na rafiki yangu tulikuwa tumelipia Kilifi kwa ajili ya Pasaka. Akanipigia tuondoke saa hiyo hiyo kabla amri haijaanza. Nilikataa, pesa zikaenda, na urafiki ukapoa mwaka mzima. Chanjo za kwanza, milioni moja na kidogo, zilikuwa zimefika nchini mwezi huo huo. Baba yangu alikuwa hajachomwa. Sijajuta. Lakini Desemba ningekuwa na pesa ningekwenda, kwa hiyo siwezi kumrushia dada jiwe.

Mwanzisha mada, Nairobi

Nimewasoma nyote, wengine mara mbili.

Kaka wa Likoni, ya watu wa njiani umenishinda. Nilisema kosa lilianza siku ya tatu kwa sababu siku hiyo ndiyo ninayoikumbuka. Sura za feri sizikumbuki, na nadhani hilo ndilo unalonidai. Bado siwezi kusema kila mtu angebaki kwake, hasa baada ya kusoma habari za cherehani. Ila nisingeandika tena "kwenda halikuwa kosa" kama nilivyoandika, mkavu hivyo.

Mama wa Ukunda, umetaja pumu ya mama yako. Yule mama wa vyumba tulimuuliza bei ya kamba wa kula, tukamuuliza maji yatakupwa saa ngapi ili tuvuke kwenda kwenye mchanga wa mbele. Alitwambia bamvua ile, yaani kujaa na kupwa kwa maji, ilikuwa kubwa, tusichelewe kurudi. Sikumuuliza anaishi na nani.

Nimemtumia rafiki yangu yale maneno yako, "mlikuwa na mdomo." Ameyasoma, alama ya kusoma naiona. Hajajibu.

Nina swali kwa watakaofuata. Kuna yeyote hapa ambaye mwaka ule alimwambia mfanyakazi wa hoteli, dereva au mpishi kwamba anaumwa, akiwa bado yuko pale pale likizoni? Ilikuwaje?