Nimejifunza kuchora mwenyewe, niko Kigoma. Nimeulizwa bei ya kitabu cha watoto, nitoze vipi?

KalamuYaMwanga:

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa nyie mnaokula kwa kalamu.

Niko Mwanga, Kigoma mjini. Nachora tangu shule ya msingi, sijafundishwa na mtu. Mchana nakaa kwenye stationari ya bamdogo, natoa fotokopi na kuchapa barua, na pembeni napokea oda za picha za watu. Mteja ananitumia picha WhatsApp, namchora kwa penseli kwenye A3 kwa 20,000, fremu anajitegemea. Oda zinakuja za harusi, mahafali na misiba. Mwezi mzuri nalipa kodi ya chumba, mwezi mbaya bamdogo ananishika mkono.

Sasa kuna taasisi moja ya mambo ya elimu imeona michoro yangu ukutani pale dukani. Wanataka kitabu cha hadithi, kurasa 24, rangi kila ukurasa, kuhusu mtoto wa mvuvi wa dagaa. Wameniuliza bei, na kwenye ujumbe wameandika watahitaji "faili zote na haki zote". Sijawahi kuchora kitabu. Nimezoea kunakili picha ya simu, nikimchora mtoto huyohuyo akiwa amegeuka anatoka mtoto mwingine kabisa.

Nitoze kwa ukurasa au kwa kitabu kizima? Hizo haki zote zina maana gani kwangu? Na je, nikubali, au niwaambie wasubiri nikasome kwanza Bagamoyo? Natumia simu na ibisPaint, ile programu ya kuchorea, kishkwambi sina. Nawasilisha.

Mwalimu_Kasulu:

Kijana wangu, kipaji unacho, lakini kitabu cha watoto kinaingia darasani na kukaa miaka. Ningekuwa mzazi wako ningekwambia uende TaSUBa kwanza, hicho chuo cha sanaa cha Bagamoyo, upate cheti na msingi. Kigoma watu tunajuana, kazi ya kwanza ikiharibika jina linaharibika nayo. Ni mawazo yangu tu.

BiWino_Ujiji:

Mdogo wangu, kazi ikubali. Mwalimu namheshimu, na Bagamoyo ni chuo cha kweli, siku ukipata ada na nafasi nenda. Ila usiikatae kazi hii kwa sababu ya cheti. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968 kwenye hardboard kwa rangi za mafuta za dukani, bila shule ya sanaa. Mpaka anafariki 1972 alikuwa tayari na wanafunzi, wengi wao ndugu zake, waliojifunza kwa kukaa pembeni yake na kushika brashi. Kukaa pembeni ya anayejua ni shule pia.

Mimi nilianza na mabango ya saluni na mama lishe hapa Ujiji, nikaingia kwenye mabango ya afya, kisha vitabu. Nakwambia nilichokiona huko. Wanaotafuta mchoraji wanaweza kumpata Dar, tena mwenye vifaa kuliko wewe. Wasichokipata Dar ni mtu anayelijua ziwa. Kuna kitabu niliwahi kukishika, wavuvi wa dagaa wako kazini na juu yao mwezi mpevu unang'aa. Mtoto yeyote wa Kibirizi, huku mwaloni kwetu, ataona kasoro hapo: dagaa wanafuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, kwa hiyo siku hizo watu wako nchi kavu wanashona nyavu. Kingine kimechora michikichi kama minazi. Shina la mnazi linapanda jembamba lina pete pete, mchikichi unabaki na vigutu vya makuti yaliyokatwa, na mkungu wa chikichi umejibana kwenye makwapa ya makuti, hauning'inii nje kama nazi. Nimeona hata sokwe wa Gombe mwenye mkia! Sokwe hana mkia, na akitembea anakanyagia vifundo vya vidole vya mikono. Mtoto wetu akifungua ukurasa akakuta uongo kuhusu kwao, anajifunza kwamba kitabu hakimhusu. Hilo linaniuma kuliko mstari uliopinda.

Kwa hiyo kabla hujagusa simu, nenda Kibirizi asubuhi vyombo vinaporudi. Chukua daftari na kalamu ya wino. Raba iache nyumbani, ukiwa nayo utakaa unafuta. Salimia, waombe ruhusa, kaa pembeni. Chora watu wakifanya kazi, kila mchoro dakika moja au mbili, hawatakusubiri. Mtazame mama anayetandaza dagaa: miguu imenyooka, kiuno kimekunjika, mkono mmoja umeegemea goti na ule mwingine unasambaza samaki kwa kupepea, kiganja chini. Uzito wa kiwiliwili umeegemea ule mkono wa goti. Picha ya simu haikuonyeshi hilo, kwa sababu mtu akiona simu anasimama wima na kutabasamu. Kurasa zako za mwanzo zitakuwa mistari mitupu, endelea tu. Baada ya muda mkono unaanza kukumbuka mwili unavyobeba mzigo, na hapo ndipo utaweza kumchora mtu aliyegeuka bila picha.

Kuhusu mtoto wako anayebadilika sura, mtengenezee karatasi yake ya mhusika. Mchore mbele, ubavu, mgongo, robo tatu, ameketi, anakimbia, analia. Pima kwa kichwa chake: mtoto wa miaka 6 anaingia vichwa vitano au vitano na nusu kwa urefu, mtu mzima saba na kidogo. Wachoraji wengi wanaojifunza wenyewe humchora mtoto kama mtu mzima aliyepunguzwa, ndiyo maana haonekani mtoto. Kisha mpe alama ambayo haipotei hata akiwa mdogo mbali kwenye mtumbwi, labda kaptula ya rangi moja kitabu kizima, au kofia ya kaka yake inayomzidi. Karatasi hiyo ibandike mbele yako mpaka kazi iishe.

Jambo lingine ambalo watu hulipuuza: onyesha rafu zako, yaani michoro ya awali, kwa wale watakaosoma, kabla ya kutia rangi. Kuna bango la usafi nililolichora ambapo mhandisi alitaka choo kilichopasuliwa katikati ili shimo lionekane. Tulipolipeleka kijijini, mama mmoja akalitazama kwa makini, akauliza kwa heshima kabisa kwa nini wanajenga choo chenye ukuta uliobomoka. Alikuwa anasoma kilichochorwa. Tukagawa mchoro mara mbili, choo kizima kwa nje, kisha shimo peke yake na mtu amesimama pembeni kuonyesha kina. Wewe una bahati, wasomaji wako wako mtaani kwako. Mwite mtoto wa darasa la pili, mpe rafu bila maneno, akusimulie kinachotokea. Akikwama mahali, hapo pachore upya.

Chapa_Tabora:

Nimesoma kwa furaha. Mimi niko Tabora, napanga kurasa za vitabu na kuzipeleka kiwanda cha uchapaji, niongezee ya upande wetu maana ndiko kazi nyingi nzuri zinakofia.

Usianze kabla hujapewa kipimo cha kitabu. Kama ni A4, turubai yako kwenye ibisPaint, yaani eneo la kuchorea, iwe angalau pikseli 2480 kwa 3508, hiyo ndiyo A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). Ukichora kwenye turubai ndogo halafu ukaikuza, ukungu wake hautoki. Simu ikizidiwa na leya (matabaka ya mchoro), chora kwa wino kwenye karatasi, skani hapo hapo stationari kwenu, kisha utie rangi kwenye simu. Ongeza milimita 3 kila upande wa ukurasa kwa ajili ya kisu cha kukatia, na usiweke uso wa mtu kwenye mkunjo wa katikati.

Rangi: kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Ile bluu kali ya ziwa na kijani kinachowaka vitapoa vikichapwa kwa wino nne za kiwandani. Omba ukurasa mmoja uchapwe mapema uone. Maneno usiyaandike ndani ya mchoro hata kwenye ubavu wa mtumbwi, bila kukubaliana, maana kitabu kikitafsiriwa itabidi mchoro urudiwe.

Na uliza kama kurasa 24 zina jalada ndani yake au la. Kitabu cha pini kinakwenda kwa nne nne, 24 ni karatasi sita zilizokunjwa. Jalada likiwa nje ya hizo ni kazi nyingine, nalo lina bei yake.

KalamuYaMwanga:

Shikamoo Bi Wino, na asante sana kaka wa Tabora. Kuhusu jalada nisingeuliza kabisa. Mama, naomba unimalizie la bei na haki, kesho kutwa wananisubiri na jibu.

BiWino_Ujiji:

Marahaba mwanangu.

Bei usiitaje kabla hujachora ukurasa mmoja wa majaribio mpaka mwisho, rafu, wino na rangi, ukitazama saa. Ukijua ukurasa unakula muda gani, zidisha kwa kurasa zote na jalada, weka siku za Kibirizi, siku za karatasi ya mhusika, bando, umeme, skani. Jiulize siku moja ya kazi yako inatakiwa ikuingizie nini ili ule, ulipe chumba na ubakize kidogo. Usitumie ile 20,000 ya penseli kama kipimo. Picha ile inakaa sebuleni kwa mtu mmoja, hii inachapwa nakala nyingi na wewe ndiye unayeitunga kutoka kichwani. Wape bei ya kitabu kizima, na chini yake uonyeshe imepatikanaje, ili wakitaka ipungue mpunguze kurasa, jasho lako lisiguswe.

Malipo mimi huyagawa: theluthi kabla sijaanza, theluthi rafu zote zikikubaliwa, theluthi nikikabidhi faili. Marekebisho yafanyike kwenye rafu, mara mbili bila malipo. Wakibadilisha hadithi baada ya rangi, wanalipia. Andika hivyo hivyo, msaini pande zote. Taasisi itakuomba TIN, namba ya mlipakodi, TRA wanaitoa bure, na kwenye malipo ya huduma watakukata kodi ya zuio asilimia 5. Usishtuke, ila dai cheti cha makato hayo.

Sasa haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi ya sanaa inalindwa tangu unapoichora, hata kabla hujaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mchoraji kufariki. Kwa hiyo hapo unaombwa kutoa kitu kirefu. Mara nyingi anayeandika "haki zote" hana nia mbaya, amenakili mkataba wa zamani. Muulize kwa upole anataka kufanya nini na michoro. Kama ni kuchapa kitabu hiki kwa Kiswahili na kukigawa mashuleni, mpe ruhusa hiyo, iandikwe: kitabu hiki, lugha hii, miaka kadhaa. Akitaka pia mabango, fulana, kalenda au lugha nyingine, kila moja ina nyongeza yake. Kama kweli wanataka kila kitu moja kwa moja, inawezekana kuwauzia, lakini bei inapanda sana, na hata hapo mambo mawili nisingeyaachia: jina lako liandikwe kwenye kitabu, na uruhusiwe kuonyesha kazi hii kwa wateja wengine. Michoro ya karatasi ibaki kwako, wao wapewe faili.

Wajibu leo usiku, usiwaweke mpaka kesho kutwa. Waambie unaikubali kazi, unahitaji hadithi kamili na kipimo cha kitabu, na bei utawapa baada ya ukurasa wa majaribio. Ukishawachorea huo ukurasa nitumie hapa au uje nao Ujiji, tukae tuutazame pamoja kabla hujautuma.

Mwalimu_Kasulu:

Bi Wino, nimeelewa, na nimefurahi kusahihishwa hapo kwenye mchikichi, darasani kwangu tuna chati yenye kosa hilo hilo. Kijana, rafu zikiwa tayari nitumie. Nina darasa la pili zima la kuwasimulisha.