Mama ana kisukari: akachanjwe, au aendelee na nyungu?

Mkazi wa Mbagala (Agosti 2021)

Ndugu zangu, mama yangu ana miaka 63, ana kisukari na shinikizo la damu. Tangu mwaka jana hujifukiza kila jioni kwa majani ya mwarobaini, mchaichai na mkaratusi, na kwa kuwa hajaugua korona, anaamini kuwa nyungu ndiyo iliyomkinga. Rais Samia alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai nilianza kumsihi naye akachanjwe, lakini jirani amemuuzia chupa ya mitishamba akimhakikishia kwamba aliyeinywa hahitaji sindano. Nimwambie nini bila kumvunjia heshima?

Muuguzi, Temeke

Usianze kwa kuibeza nyungu, kwa sababu mvuke kweli huzibua pua na kumpa mtu nafuu. Kuua kirusi ni jambo jingine: kirusi kimo ndani ya seli za mwili, na joto la kukiangamiza humo lingemuunguza mama kwanza. Nimewahi kufunga vidonda vya watu waliomwagikiwa na maji ya nyungu, na kwa mgonjwa wa kisukari, ambaye huenda miguu yake imepungua hisia, kidonda cha namna hiyo huchukua muda mrefu kupona. Chanjo tuliyonayo, ya Janssen, ni dozi moja. Ilijaribiwa kwa watu wapatao 44,000, nusu yao wakipewa chanjo na nusu maji ya chumvi bila wenyewe kujua, na siku 28 baada ya sindano ilionekana kupunguza ugonjwa mkali kwa takriban asilimia 85. Mwulize jirani, kwa upole, chupa yake ilijaribiwa kwa akina nani.

Mzee wa Kariakoo

Wanangu, mnasahau upesi. Mei 2020 Serikali yenyewe ilipokea dawa ya miti kutoka Madagaska, na Januari mwaka huu tuliambiwa na Rais Magufuli, akiwa kwao Chato, kwamba chanjo hizo hazifai. Leo wimbo umebadilika. Tena hiyo Janssen Wamarekani wenyewe waliisimamisha mwezi Aprili kwa sababu ya damu kuganda. Mtu mzima akisita, msimwone mjinga.

Mfamasia, Sinza

Shikamoo mzee. Kusita kwako nakuelewa, na kauli za viongozi zilizopishana zimetuchanganya hata sisi wa dukani. Hata hivyo, dawa ya miti si duni kwa kuwa ni ya miti: dawa mseto ya malaria tunayoitumia nchini ina kiini kilichotokana na mmea wa artemisia, na Tu Youyou wa China, aliyeanzia kwenye maandishi ya kale ya tiba, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini kiini hicho kilitengwa, kikapimwa kipimo chake, kikajaribiwa kwa wagonjwa, na ugonjwa wenyewe unatokana na vimelea, si kirusi. Kinywaji cha Madagaska kilichotengenezwa kwa mmea huohuo kiligawiwa kabla ya kupita njia hiyo.

Kuhusu damu kuganda, ni kweli. Ni madhara adimu sana, yaliyoonekana zaidi kwa wanawake walio chini ya miaka 50. Uchanjaji ulisimamishwa kwa siku kumi hivi, ukachunguzwa, ukaruhusiwa tena. Mimi hilo hunipa imani, kwa kuwa lipo jicho linalofuatilia, ilhali chupa ya jirani, ambayo huenda ikagongana na vidonge vya mama na kuishusha sukari kupita kiasi, hakuna anayeifuatilia.

Mzee wa Kariakoo

Marahaba. Hilo la vidonge sikuwa nimelifikiria.

Mkazi wa Mbagala

Nimemsomea mama yote. Chupa ameiweka kando, ila anauliza kama akichanjwa atakatazwa chai yake ya tangawizi.

Muuguzi, Temeke

Hakatazwi. Siku ya kuja anywe dawa zake na ale kama kawaida, abebe kadi ya kliniki ya kisukari, na akishachanjwa akae hapo robo saa tumwangalie kabla hajaondoka. Homa ya siku moja au mbili na maumivu ya mkono visimtishe.