Mgagani wa porini: nautambuaje kwa uhakika, na mbona mbegu hazioti?

shamba_dogo
Wakuu, habari. Mvua zilipoanza, kandokando ya shamba yameota majani yenye vidole vitano, yananata ukiyashika na yana harufu kali. Nadhani ni mgagani, ile mboga ya majani, ila jirani anasema majani ya vidole yapo mengi. Nitajuaje? Pia mbegu za mimea hiyohiyo, zilizotoka kwenye maganda yaliyokauka juzi, nimezimwaga juu ya tuta lakini hakuna kinachoota.

kijani_kibichi
Mkuu, jani peke yake halitoshi. Acha mmea mmoja utoe maua kabla hujala chochote. Ua la mgagani ni jeupe, mara nyingine lina wekundu wa waridi au zambarau kwa mbali, petali nne. Kuna alama moja isiyodanganya: nyuzi sita za kiume (zile zinazobeba chavua) haziotei chini penye petali, zinachomoza katikati ya kikonyo kirefu chembamba, kana kwamba ua limejengwa ghorofa. Ganda nalo ni jembamba, refu, limening'inia kwenye kikonyo chake.

Ukiona maua ya njano na ganda lisilo na kikonyo ndani ya ua, huyo ni ndugu yake, naye ananata vilevile. Ukiona miiba penye shina la jani, ni ndugu yake mwingine, yule wa kupambia bustani. Na kwa anayeogopa kuchanganya na bangi: vidole vya bangi vina meno makubwa ya msumeno, vya mgagani ukingo wake ni laini au una vimeno vidogo sana.

mzizi_mkuu
Kuhusu kuota, una makosa mawili hapo. Mbegu mpya ya mgagani imelala. Ihifadhi pakavu miezi mitatu hadi sita, ndipo iamke. La pili ni kuzimwaga juu: mwanga unazizuia kuota. Zinataka giza na joto, nyuzi 30 hivi za selsiasi. Lakini usizifukie mno, zikizidi sentimita moja huchoka kabla ya kufika juu.

Changanya sehemu moja ya mbegu na kumi za mchanga mkavu ili zisirundikane, chora mifereji yenye nafasi ya sentimita 30, nyunyiza, funika kwa udongo laini usiofika sentimita moja. Mwagilia kwa matone madogo. Udongo ukiganda juu, miche hainyanyui ukoko huo.

bustani_ya_nyuma
Si afadhali aoteshe kwenye kitalu kisha ahamishe?

mzizi_mkuu
Hapana. Mzizi wake mkuu unashuka mapema, ukiukata mche unadumaa na kukimbilia kutoa maua. Panda palepale, kisha punguza ibaki sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche. Ile unayong'oa inaliwa.

kijani_kibichi
Naongezea: jua la kutosha, kivulini unarefuka bila majani. Samadi iliyoiva kilo 2 hadi 3 kwa mita ya mraba. Maji yakituama unageuka njano na kufa, lakini ukame nao unauharakisha kuchanua, na ukishachanua majani mapya yanakuwa madogo na machungu zaidi. Kwa hiyo mwagilia mara kwa mara na ukate ncha pamoja na vitumba vya maua kila vinapotokea. Matawi ya pembeni yatachipua. Kuvuna kunaanza wiki ya nne hadi ya sita.

Vitundu vidogo vya mviringo kwenye majani machanga ni vya mbawakawa wanaoruka kama viroboto. Funika tuta kwa neti nyembamba tangu siku ya kupanda, kwa sababu dawa kwenye jani linaloliwa changa ni balaa.

shamba_dogo
Asanteni. Na mbegu za msimu ujao?

mzizi_mkuu
Tenga mimea michache yenye majani mapana inayochelewa kuchanua, usiivune kabisa. Chuma maganda yakiwa ya njano. Ukisubiri yakauke shambani yanapasuka na mbegu zinamwagika. Anika kivulini juu ya kitambaa, pukuta, pepeta, na uandike tarehe kwenye chombo ili usizipande kabla ya wakati wake.