Pampu ya maji ya Toyota IST imeacha ukoko wa waridi: nibadilishe sasa au nisubiri?

MsafiriMoro:
Habari za leo, ndugu zangu. Ninatumia Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, na kila mwezi huenda nayo Mbeya kutoka Morogoro. Kwa wiki tatu sasa naongeza karibu nusu lita ya kulanti (kimiminika cha kupozea injini) kila wiki, ingawa chini ya gari hapana hata tone. Jana nilimulika tochi upande wa mkanda nikaona ukoko mkavu wa waridi umeshuka kama michirizi ya machozi kutoka nyuma ya puli ya pampu ya maji. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, husikika mkwaruzo unaopungua baada ya dakika chache. Fundi wa kwanza ameniambia niendelee kujaza maji kwa kuwa taa ya joto haijawaka. Wa pili anataka kubadilisha pampu na kuitoa kabisa thamostati, ile vali inayofunguka kulanti ikipata moto. Naomba ushauri kabla ya safari.

Fundi wa Gereji:
Ndugu MsafiriMoro, pampu hiyo ibadilishe kabla ya safari, lakini thamostati usikubali itolewe. Chini ya mhimili wa pampu kuna kitundu kilichowekwa makusudi, ili sili ya ndani inayozuia kulanti ikichoka, kulanti itokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi inayobeba mhimili. Huoni tone ardhini kwa sababu inakaukia kwenye bloku yenye moto na kuacha rangi yake. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, shika puli uitikise: ikicheza hata kidogo, beringi imekwisha. Ikikatika njiani, mkanda utatoka, na pamoja na pampu utakosa alteneta inayochaji betri. Ukiwa katikati ya mlima wa Kitonga, na malori nyuma yako, hapo si mahali pa kungojea msaada. Taa ya joto nayo usiitegemee, kwa sababu ikiwaka injini imekwisha kuchemka, na silinda hedi ya aluminiamu, yaani sehemu ya juu ya injini, hupinda upesi.

Kazi yenyewe si kubwa, ila inataka utulivu. Boliti za puli zilegezwe mkanda ukiwa bado umekaza, kwa sababu ndio unaoizuia puli isizunguke. Uso wa bloku usafishwe gasketi ya zamani yote bila kuukwaruza kwa bisibisi. Kama pampu imekuja na gasketi yake, msiongeze silikoni, kwa maana mabonge yanayominywa kuingia ndani husafiri hadi kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Mkanda usikazwe kupita kiasi, kwani hilo ndilo linaloua beringi ya pampu mpya mapema. Mwisho, hita ifunguliwe kwenye joto kamili na injini iungurume mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, huku mkiongeza kulanti hadi hewa yote itoke na feni iwake.

Thamostati hufunguka kwenye nyuzi joto 82 hivi. Ukiitoa, injini hukaa baridi muda mrefu, hula mafuta zaidi na kuchakaa.

Mwenye Forester:
Naongeza jambo moja kwa wenye magari mengine. Kwenye Subaru yangu yenye injini ya EJ20, pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaoendesha vali za injini, hivyo kuifikia ni lazima mkanda huo ufunguliwe. Mimi nilibadilisha mkanda nikaiacha pampu ya zamani ili kuokoa fedha, na baada ya miezi saba ikaanza kuvuja, nikalipa ufundi uleule mara ya pili. Injini ya 3S-FE ya Toyota nayo iko hivyo. Mkanda na pampu vifungwe vipya pamoja.

MsafiriMoro:
Nawashukuru sana. Puli ilicheza kweli, nikabadilisha pampu juzi na thamostati nikaibakiza. Pampu ilipotoka nilisikitika: mapezi yake yameliwa na kutu hadi ncha zikawa nyembamba kama karatasi, na nyumba yake imejaa tope la kahawia. Sasa naelewa kwamba aliyekuwa na gari hili kabla yangu alikuwa akijaza maji ya kisima. Tumesafisha mfumo mara tatu kabla ya kutia kulanti. Je, kulanti niibadilishe lini tena?

Fundi wa Gereji:
Kama umetia kulanti ya waridi ya Toyota ya muda mrefu, mabadiliko ya kwanza huwa kilomita 160,000 na baada ya hapo kila 80,000. Kwa kuwa mfumo wako ulikuwa na kutu, mimi ningeitoa mapema zaidi, na nisingeongeza maji ya bomba katikati. Kila Jumamosi, kabla ya kuwasha, tazama chupa ya akiba ya kulanti. Kiwango kikishuka tena, mulika kwanza palepale kwenye kitundu.