Kalori 800 kwa siku: mizani imekwama na nywele zinakatika

Mama Pacha, Morogoro
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 38, urefu wangu ni sentimita 160, na nilipoanza nilikuwa na kilo 91. Kwa wiki kumi sasa ninafuata mlo wa kalori 800 kwa siku niliopewa na mwenzangu wa kazini: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha na chai ya rangi isiyo na sukari, mchana kipande cha samaki, mchicha na kiazi kitamu kidogo, usiku nusu parachichi, tango na ndizi mbivu moja. Wiki mbili za mwanzo ziliondoka kilo tano, nikafurahi mno, kisha kilo tatu zikachukua mwezi mzima, na tangu hapo mizani haijatoka kwenye 83. Nikiinuka ghafla nasikia kizunguzungu, na nikichana nywele kitana kinajaa. Jambo linaloniumiza zaidi ni hili: siku za kazi ninashika mlo vizuri, lakini usiku wa Jumamosi hujikuta jikoni saa tano, nimesimama gizani, nikila wali uliobaki sufuriani kwa mkono. Je, nipunguze tena hadi kalori 600?

Afisa lishe mstaafu, Tanga
Mwanangu, nakuomba usipunguze tena hata kidogo. Mlo wa kalori 800 au chini yake hufuatwa chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu uzito ukishuka kwa kasi huweza kuleta mawe katika kifuko cha nyongo, na mlo wako hauna maziwa wala jamii ya kunde. Zile kilo tano za mwanzo hazikuwa mafuta matupu. Mwili hutumia kwanza wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, na kila gramu ya wanga huo hutoka na takriban gramu tatu za maji. Kuhusu usiku wa Jumamosi, usijilaumu. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wenye afya takriban kalori 1,600 kwa siku kwa miezi sita. Wakawa hawawazi lolote ila chakula, na walipofunguliwa baadhi yao walikula mno bila kushiba. Hao walikuwa na mara mbili ya chakula chako. Sufuria hiyo ya wali inaweza kurudisha sehemu ya ulichokibana wiki nzima, na njaa iliyokufikisha hapo umeitengeneza kwa mlo huo huo. Nenda upimwe wingi wa damu kwa ajili ya nywele, na utujulishe kama unatumia dawa yoyote.

Mkazi wa Leicester
Naongeza jambo moja, kwa heshima kwa mama yangu wa Tanga. Mlo mkali si mbaya kwa kila mtu. Huku Uingereza kulifanyika utafiti uitwao DiRECT, matokeo yake yakatolewa mwaka 2017: wagonjwa wa kisukari aina ya 2 walikunywa supu na vinywaji maalumu vya kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. Lakini vinywaji hivyo viliwekewa vitamini na madini yote, dawa za kisukari na za shinikizo la damu zilisimamishwa siku ya kwanza, na chakula cha kawaida kilirudishwa polepole kwa wiki kadhaa huku wakifuatiliwa. Wewe, dada, uko peke yako.

Bi Mkubwa wa Kisauni
Mimi nilipunguza kilo 11 kwa miezi 14, na ugali sikuuacha. Siku moja, kabla ya kupika mchuzi, nilimimina mafuta kwenye kikombe kama ninavyoyamimina sufuriani siku zote, kisha nikayapima kwa kijiko cha chakula: vijiko tisa. Kijiko kimoja kina kalori 120. Nikashuka hadi vitatu, nikaongeza maharage na mboga, ugali ukawa kama ngumi yangu, na usiku silali na njaa.

Mama Pacha, Morogoro
Shikamooni mama zangu, na asante, kaka. Ninatumia dawa ya shinikizo la damu tangu nilipojifungua pacha wangu, na daktari sijamweleza lolote kuhusu mlo huu. Sikuwahi kufikiri kwamba kizunguzungu kinaweza kuwa kimetokana na dawa ile ile kuzidi mwili uliopungua. Usiku huu nimekula ugali, maharage na mchicha pamoja na wanangu, mezani. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kliniki.