Matokeo ya gala ya watoto yamerudishwa, nianzie wapi kurekebisha?

mama_mezani (Kisumu)

Habari zenu wazazi na makochi. Nina boksi ya karatasi hapa mbele yangu na natafuta mtu ameshafanya hii kazi aniongoze. Jumamosi klabu yetu iliandaa gala ya kuogelea ya watoto wa miaka 8 hadi 14, klabu tano, bwawa la mita 25 lenye leni sita, na mimi nikapewa meza ya matokeo kwa sababu mwenye huifanya alikuwa amesafiri. Asubuhi mambo yalienda vizuri sana. Saa nane hivi ile mvua ya alasiri mnaijua ya huku ikatupata katikati ya bakistroku (kuogelea chali), radi ikaanza, refa akatoa watoto wote majini, na tulipongoja ikapita stima nayo ilikuwa imepotea na laptopu haikuwa na chaji, so mbio zote za mwisho tumezimalizia na stopwochi na karatasi peke yake.

Jumapili nikaingiza zile za karatasi nikiwa nyumbani, zingine kwa ile programu ya matokeo ya gala, Meet Manager, tuliyokuwa tunatumia, zingine kwanza nikaziweka kwa Excel ndo nihamishe, nikatuma kwa wanaopokea matokeo. Jumatatu asubuhi imerudi. Wanasema muda wetu wote umeandikwa kama wa yadi, kuna msichana alipigwa DQ (kuondolewa kwa kosa) kwa brestistroku lakini kwa faili ako na muda na ako namba tatu, kuna kijana mmoja anaonekana kama waogeleaji wawili, na mbio za mita 100 kuna mtoto ametumia saa moja na dakika tano majini.

Hayo naamini yanarekebishika. Kinachoninyima usingizi ni kingine. 50 fristailo wasichana miaka 10, leni ya 3 saa zake tatu za stopwochi zilisoma 41.22, 41.35 na 41.19. Leni ya 5 zilisoma 41.24, 41.24 na 41.20. Mimi nilijumlisha nikagawanya kwa tatu, leni ya 3 akapata 41.25, leni ya 5 akapata 41.22, so leni ya 5 akaitwa akavishwa medali ya shaba. Jana mama wa leni ya 3 akaniuliza kwa upole tu, mbona mwenye saa aliambia mtoto 41.22 na kwa karatasi iko 41.25? Nimeangalia nimeangalia, sijui nimwambie nini. Hakuna mtoto wangu kati ya hao wawili. Hesabu inafanywa aje?

kochi_wa_Nakuru

Pole mama, na asante kwa kukaa hiyo meza, watu wengi huikimbia.

Nianze na hiyo ya mwisho maana ndo kubwa. Saa zikiwa tatu HAUGAWANYI. Sheria ya World Aquatics, ile zamani ikiitwa FINA, iko wazi kabisa: saa mbili kati ya tatu zikikubaliana, huo ndo muda rasmi. Zote tatu zikitofautiana unachukua ya katikati. Kugawanya ni pale tu una saa mbili zimefanya kazi, ya tatu ikakwama ama mtu akasahau kubonyeza.

Sasa fanya tena. Leni ya 3, 41.19, 41.22, 41.35, ya katikati ni 41.22. Leni ya 5 ako na 41.24 mara mbili, ni 41.24. Kumaanisha leni ya 3 ndiye wa tatu, na yule mwenye saa hakumdanganya mtoto.

Sababu ya kuchukua ya katikati ni kwamba kidole cha mtu mmoja kikichelewa, kama hiyo 41.35, ukigawanya kile kidole kinamuumiza mtoto. Ukichukua ya katikati hiyo 41.35 inakaa kando haimguzi. Hapo kwa hiyo hiti moja (kundi moja la kuogelea pamoja) unaona vile kidole cha mtu mzima kilihamisha medali ya mtoto wa miaka kumi.

Lakini usibadilishe peke yako usiku ukiwa sebuleni. Tafuta ile karatasi ya jaji wa kumalizia, yule hukaa kando akiandika nani amegusa ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tofauti ya 2/100 kwa saa za mkono ni kitu kidogo sana, macho ya jaji yana uzito hapo. Halafu umpigie refa mkuu wa siku hiyo, yeye ndo aamue na aweke sahihi.

baba_wa_mapacha_Ksm

Mimi nafikiri iachwe vile ilivyo. Malalamiko hupeanwa ndani ya dakika 30 baada ya mbio, kwa maandishi, na meneja wa timu. Zimepita. Mkianza kufungua matokeo siku tatu baadaye kila mzazi atakuja na stopwochi ya simu yake. Na huyo msichana wa leni ya 5 ameshalala na hiyo medali.

kochi_wa_Nakuru

@baba_wa_mapacha_Ksm naelewa hofu yako ndugu na hiyo dakika 30 ni kweli iko kwa sheria. Ila hiyo ni ya mtu anayepinga uamuzi, mfano anasema mtoto wangu hakugeuka kifudifudi kwa bakistroku. Hapa hakuna mtu anapinga uamuzi, saa ni zile zile, meza ndo ilijumlisha vibaya na meza yenyewe imegundua. Tukituma 41.25 tukijua ni 41.22 huyo mtoto atabeba huo muda mpaka gala inayofuata, atapangwa hiti na leni kwa huo muda. Mimi siwezi kuweka sahihi hapo.

mwalimu_Kakamega

Nakubaliana na kochi. Mama niko na jibu la ule mtoto wa saa moja majini, yalinipata pia huku shuleni.

Stopwochi nyingi zinaonyesha dakika, nukta mbili, sekunde, halafu alama fulani na 1/100. Mtu akiinakili anaandika 1:05:32 akifikiria ni dakika moja sekunde tano. Excel inasoma saa moja, dakika tano, sekunde 32. Lazima iwe 1:05.32, nukta moja kabla ya zile tarakimu mbili za mwisho. Na ukishaandika sawa bado itakuonyesha 01:05.3 ukidhani imekula ile mbili, haijakula, imeificha tu, enda kwa fomati ya seli uandike [m]:ss.00 itatokea. Kitu kingine ukipanga kutoka mdogo hadi mkubwa na seli zikiwa za maandishi, 1:05.32 itakaa juu ya 38.40 kwa sababu inaanza na moja. Mimi siku hizi natengeneza safu ya pembeni yenye sekunde tupu, 1:05.32 inakuwa 65.32, napanga kwa hiyo.

Yule kijana wa watu wawili, cheki jina. Nadhani kwa klabu ameandikishwa Kevin Otieno na kwa karatasi ya hiti mtu akaandika Otieno Kevin, programu haijui huyo ni mtoto mmoja. Tumia tarehe ya kuzaliwa na namba ya usajili kama anayo, unganisha, na usifute mmoja kabla hujahakikisha mbio zake zote zimehamia kwa yule anabaki.

mama_mezani (Kisumu)

Mwalimu ni hivo hivo kabisa, jina limepinduliwa! Na 1:05:32 niliandika mimi mwenyewe. Na hii ya yadi? Sisi tulipima bwawa na tepu ya chuma kabla ya gala, ni mita 25 kamili.

kochi_wa_Nakuru

Yadi si kosa la bwawa, ni la mwanzo wa programu. Imetengenezwa Marekani, kule mabwawa mengi ya shule ni ya yadi 25, ambayo ni mita 22.86, so mtu akifungua gala mpya bila kuchagua, inaweza kubaki hapo. Ingia mahali ulianzishia gala, chagua bwawa fupi la mita, utaona herufi kwa muda inatoka Y inakuwa S. L ni ya bwawa la mita 50. Watoto wetu wakienda Kasarani ndo wanapata hiyo L, na usichanganye muda wa S na wa L kwa orodha moja, kwa bwawa fupi mtoto anasukuma ukuta mara nyingi zaidi so muda wake unakuwa mzuri zaidi.

Kabla hujagusa kitu weka bakapu kwa flash. Na ukimaliza angalia unatuma faili gani, hapa watu wengi huanguka. Bakapu ni zip, na matokeo ya kutuma pia ni zip. Bakapu imebeba gala yote. Ile wanataka ni ile inatoka ukienda kutoa matokeo, ndani yake utapata faili zinaishia na hy3 na cl2. Ifungue uone kabla hujatuma.

Huyo wa DQ ondoa muda na ondoa nafasi, abaki na jina na DQ. Sheria inasema hivyo, DQ inaandikwa kwa matokeo lakini muda na nafasi haviandikwi wala havitangazwi. Wa nne anapanda kuwa wa tatu, kwa hiyo cheki medali ya hapo pia. Kama mlikuwa na rilei yenye DQ, hiyo ni tofauti kidogo, muda wa vipande vilivyoogelewa sawa kabla ya kosa unaandikwa.

mzee_wa_stopwochi

Nimeshika saa kando ya bwawa miaka mingi, hapa Kisumu na Eldoret, wacha niongeze mbili tatu.

Mkiwa na saa mbili mkagawanya, mfano 38.41 na 38.46, inatoka 38.435. Hiyo tano ya mwisho wachana nayo, andika 38.43, usipandishe kuwa 38.44. Hatuhesabu 1/1000 na kuna historia hapo. Olimpiki ya Munich 1972, mita 400 za mitindo minne, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani wote walisoma 4:31.98. Wakaenda kwa 1/1000, Larsson 4:31.981, McKee 4:31.983, dhahabu ikaenda Sweden. Baadaye watu wakakaa chini wakaona hakuna fundi anaweza kujenga leni zote zikafanana urefu kiasi hicho, McKee pengine aliogelea umbali mrefu kidogo kumshinda mwenzake. Tangu sheria ibadilishwe tunaishia 1/100, na wakilingana hapo wanashiriki nafasi. Hiyo 1/100 yenyewe inatosha, Beijing 2008 mita 100 bataflai Phelps alishinda na 50.58 Cavic akiwa 50.59, na fainali hiyo hiyo Jason Dunford wetu alimaliza wa tano.

Ya pili ni wale wadogo wa mita 25. Mwenye kuanzisha ako upande ule, wenye saa wako upande huu. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo filimbi inawafikia ikiwa imechelewa 7/100 hivi. Waambie waangalie mkono wa mwenye kuanzisha unashuka, wabonyeze hapo, wasingoje sauti.

Na karatasi za leni ziandikwe kwa penseli. Biro ikipata maji ya mtoto ametoka kwa bwawa inayeyuka, penseli inabaki. Saa zote tatu ziandikwe, zisifutwe. Kama watu wako wangeandika tu jibu moja leo hungekuwa na kitu cha kurudia.

nyar_Kano

Naomba niseme moja kama mzazi. Mkimaliza msitume ile faili ama orodha yenye tarehe za kuzaliwa kwa grupu ya WhatsApp. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto. Jina, klabu, kundi la umri na muda zinatosha kwa ukuta wa bwawa. Juzi nilipata tarehe ya kuzaliwa ya binti yangu na shule yake kwa grupu ya watu 200 siwajui nusu yao, nililia.

mama_mezani (Kisumu)

Nyar Kano pole sana, na umenisaidia, nilikuwa nimeiandaa hivo hivo na tarehe zote. Nimezitoa.

Niwape ripoti. Karatasi ya jaji wa kumalizia nimeipata chini kabisa ya boksi, imelowa na kukauka imejikunja lakini ni penseli (mzee asante) na inasomeka, leni ya 3 kabla ya leni ya 5. Nimempelekea refa jana jioni pamoja na karatasi za saa, akazipiga hesabu mwenyewe, akaandika marekebisho kando na kuweka sahihi na tarehe. Zile hiti zingine za baada ya mvua nimezirudia hesabu zote 14, mbili zaidi zilikuwa na muda mbaya ila nafasi hazikubadilika.

Medali tumekubaliana na kamati kwamba hakuna mtoto atanyang'anywa kitu. Leni ya 5 anabaki na yake, tunatengeneza nyingine ya leni ya 3, lakini kwa matokeo imeandikwa vile iko, 41.22 wa tatu, 41.24 wa nne. Kochi wa leni ya 5 nimempigia mimi mwenyewe kabla hajasoma mahali, alinyamaza kidogo halafu akaniuliza kama anaweza kuja kuona karatasi, nikamwambia aje.

@baba_wa_mapacha_Ksm kuhusu stopwochi za simu nimekusikia, gala ijayo tutabandika matokeo ukutani kila baada ya mbio tano na saa ya kubandika ikiwa imeandikwa, ndo hizo dakika 30 ziwe na maana kwa kila mtu.

baba_wa_mapacha_Ksm

Hapo sawa mama. Wangu wako hiti za mwisho, nikiwa hapo nitakuja nikushikie karatasi mvua ikinyesha.

mama_mezani (Kisumu)

Faili imeenda leo saa tatu asubuhi, ya hy3, nimeifungua kwanza nikaona. Kesho jioni kuna mazoezi, naenda na ile karatasi ya jaji, wasichana wote wawili waione, na mama zao.