Naomba ushauri: jino la chonge limejizungusha, tuanze na waya au alaina?

Wakuu, naomba ushauri. Mgonjwa ni mtu mzima, meno ya mbele yamebanana kidogo, ila chonge la juu limejizungusha takriban nyuzi 40. Anataka alaina, zile trei za plastiki angavu zinazovalishwa juu ya meno kuyanyoosha, moja baada ya nyingine.

Kubanana si shida. Shida ni hilo chonge: lina umbo la mviringo, plastiki huteleza badala ya kulishika, hata ukibandika kinundu cha rezini (plastiki ngumu ya kuzibia meno) ili ipate pa kushika. Kila alaina husogeza jino kama milimita 0.25 tu, likibaki nyuma, utaona mwanya kati ya ncha yake na plastiki. Na hapo awe anavaa saa 20 hadi 22 kwa siku, kweli kweli.

Nafikiria waya kwanza miezi michache, kisha alaina za kumalizia. Mnaonaje?